Kongwa, Kibaigwa na safari ya gunia la mahindi

Kongwa na Kibaigwa ziko wilaya moja. Mvua ni ile ile ya kubahatisha, inaanza Desemba na kukata Aprili, na ikitaka inakata hata mapema zaidi. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wakiniuliza kwa nini nchi moja inatajirika na nyingine inabaki palepale, siwapeleki Ulaya kwanza. Nawapeleka hapa, mwendo wa saa moja na ushee kwa basi kutoka Dodoma mjini.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, iliamua kulima karanga Tanganyika. Mpango ulikuwa wa ekari zipatazo milioni 3, na kazi ilianzia Kongwa kabla ya kufika Urambo na Nachingwea. Vitu vyote ambavyo watu hudai vinaleta maendeleo, Kongwa ilivipata kwa mkupuo: mtaji, matrekta, wataalamu, tawi la reli, na mnunuzi anayesubiri ng'ambo ya bahari. Havikufua dafu. Mibuyu iliwatoa jasho. Matrekta, mengi yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, yaliharibika moja baada ya jingine. Udongo wa mfinyanzi, mvua ilipokatika, ulikaza kiasi kwamba karanga zilizozaa chini hazikung'oleka. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikaandikwa hasara.

Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha udongo mbaya. Mimi nakiona ni kisa cha nani anasikilizwa. Wagogo waliokuwa wakichunga maeneo yale walijua kwa nini yamebaki wazi, lakini ujuzi wao haukuwa na mlango wa kupitia ukamfikia mtu mwenye mamlaka ya kusema "simamisheni". Waziri wa Chakula alijibu maswali bungeni London, hakuyajibu Kongwa. Waliopanga hawakuwa wakicheza na akiba zao. Mkulima wa hapa angejaribu robo ekari kwanza, ikimkatalia angerudi kwenye mtama wake bila kelele. Mradi ule haukuwa na robo ekari. Ulikuwa na tarehe za mwisho na hesabu zilizokwisha kutangazwa.

Sasa Kibaigwa. Hapa soko lilitangulia, mipango ikafuata. Leo mahindi yanashuka kutoka Kiteto, Gairo, Mpwapwa na vijiji vya Kongwa yenyewe, yanapimwa, yanapakiwa kwenye Fuso na semitrela, mengine yanaelekea Dar es Salaam na mengine yanavuka mpaka kwenda Kenya. Shangazi yangu anafanya kazi hiyo. Ananunua Kiteto, anauza Kibaigwa, na amesomesha watoto kwa hiyo pesa.

Mama yake, yaani bibi yangu, asingeweza kuifanya biashara hiyo kihalali. Kwa miaka mingi ununuzi wa nafaka ulikuwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na mtu binafsi aliyekutwa barabarani akivusha zaidi ya kiasi kidogo cha mahindi bila kibali alikuwa mkosaji. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mtu kusafirisha hadi kilo 500 bila kibali. Mwaka 1987 ukomo wenyewe ukaondolewa. Hakuna mvua iliyoongezeka mwaka ule, ardhi ya Kiteto haikuongezewa rutuba, na barabara nyingi za vijijini zilibaki mbovu vilevile. Kilichobadilika ni kilichoandikwa kwenye karatasi na amri aliyopewa askari wa kizuizini. Biashara ambayo leo inalisha nusu ya ukoo wangu ilianza kuwezekana pale.

Ningeweza kuishia hapo na kusema "fungua soko, utajiri utafuata". Mtu aliyewahi kununua mazao kijijini hawezi kusema hivyo. Siku moja nilimpigia shangazi simu nikamwuliza bei ya mahindi Kiteto inakwendaje. Tulisalimiana, akaitikia shikamoo yangu, kisha akanijibu: "Mwanangu, bei ya gunia la nani? Kila mtu ana gunia lake."

Alikuwa anazungumzia lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanazunguka kulisimamia hilo. Lakini huko magulioni mnunuzi anakuja na gunia lake, linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, debe moja au mawili zaidi, na bei inabaki ile ile ya "gunia". Mkulima anajua anaibiwa. Anakubali kwa sababu ada ya shule inadaiwa kesho, na mnunuzi wa pili hajulikani atapita lini.

Wizi huo unauma, ila kuna hasara nyingine kubwa zaidi ambayo haionekani kwa macho. Kama gunia la Kiteto, la Kondoa na la Mpwapwa hayalingani, bei haiwezi kusafiri peke yake. Mnunuzi wa Dar es Salaam hawezi kupiga simu akasema "niletee magunia 300 kwa bei fulani" na kutuma pesa. Lazima aje mwenyewe, au atume mtu wake, au ampe dalali sehemu ya faida. Biashara inabanwa ndani ya duara la watu wanaojuana: ndugu, waliosoma pamoja, waumini wa msikiti au kanisa moja. Nje ya duara hilo kila mtu ni mashaka. Sokoni Kibaigwa kwenye mizani duara linapanuka, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya soko lile kupata jina. Mizani ya halali ni taasisi. Haina jengo la ghorofa wala mkurugenzi kwenye runinga, lakini inamwezesha mtu wa Kiteto kumwuzia mtu wa Mombasa ambaye hatamwona maishani.

Wachumi wamebishana kuhusu jambo hili kwa muda mrefu, na mabishano yao yananihusu kuliko wanavyoweza kudhani. Mwaka 1999 Jeffrey Frankel na David Romer walitumia jiografia, yaani umbali kati ya nchi na nchi pamoja na ukubwa wake, kupima biashara ambayo nchi ingefanya kwa sababu tu ya mahali ilipo. Wakaona kwamba nchi inayofanya biashara zaidi hupata kipato kikubwa zaidi. Mwaka 2001 Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson wakaja na hoja ya taasisi: makoloni ambako walowezi walikufa sana kwa maradhi yaliwekewa mifumo ya kukamua, yale waliyoweza kuishi yakawekewa mifumo ya kulinda mali, na tofauti hiyo inaonekana hadi leo katika kipato. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024. Katikati, mwaka 2004, Dani Rodrik na wenzake Arvind Subramanian na Francesco Trebbi waliweka biashara, jiografia na taasisi kwenye mizani moja, wakaona taasisi zinabeba karibu uzito wote. Ukishazihesabu, biashara peke yake haibaki na nguvu kubwa ya kueleza tofauti za kipato.

Naheshimu kazi zote hizo. Lakini ukiangalia taasisi zilipimwaje, katika ule utafiti wa 2001 kipimo kikuu kilikuwa hatari ya mwekezaji kunyang'anywa mali yake na serikali. Ni kipimo cha hofu ya mwenye mgodi au kiwanda. Mwanamke mwenye magunia 40 hana hofu ya kutaifishwa. Ana hofu ya kilemba cha lumbesa, ya ushuru unaotozwa mara mbili, ya zuio la kuuza nje linalotangazwa wakati mzigo wake uko njiani. Hofu hizo hazimo kwenye kipimo kile, na kwa wengi wetu ndizo taasisi zenyewe.

Suala la ushuru lina historia ndefu katika nchi hii ya Ugogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kupita hapa, na kupita hapa kulikuwa kazi, kwa sababu maji ni machache na mbuga kame ya Marenga Mkali ilikuwa imelala njiani. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa, shanga, waya. Wasafiri wa Kizungu kama Burton na Stanley waliijaza kurasa zao kwa malalamiko. Mimi siwalaumu watemi. Visima vilikuwa vyao, vilichimbwa kwa jasho, na msafara wa watu mamia ungeweza kukinywa kisima kikakauka. Tatizo lilikuwa kwamba watemi walikuwa wengi na kila mmoja alipanga chake. Mmoja akipandisha, hasara inawaangukia wote walioko mbele yake, maana msafara unafika kwao umekwisha kukamuliwa, au unatafuta njia nyingine. Mtemi mmoja wa njia nzima angetoza pungufu na kupata kingi zaidi.

Gari la mahindi linalopita wilaya tatu liliwahi kuwa katika hali hiyohiyo. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mtu anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa kabisa. Sikumbuki sherehe yoyote. Kwa wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake wa umri wa shangazi, lilikuwa jambo kubwa kuliko miradi mingi iliyozinduliwa kwa ngoma.

Halafu kuna karatasi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya fangasi inayoota kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Ni vifo vya hapa kwetu, vya familia zilizokula walichovuna wenyewe. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti. Watu walikasirika, wakaona ni hila za kibiashara. Inawezekana zilikuwemo. Lakini mimi nilijiuliza: shangazi angeonyesha nini kuthibitisha kwamba mahindi yake ni salama? Aliyakausha juu ya turubai, aliyachekecha, aliyahifadhi vizuri. Hakuwa na karatasi inayosema hivyo ambayo mtu wa Namanga angeiamini. Mahindi mazuri yakachanganywa na mabaya, yote yakaitwa mahindi ya Tanzania. Pasipo kipimo cha kuaminika, aliyejitahidi na asiyejitahidi wanalipwa sawa, na polepole aliyejitahidi anaacha. Maabara karibu na soko ingemlipa mkulima kuliko hotuba kumi za kilimo bora.

Na si taasisi zetu tu zinazotupa umaskini au unafuu. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazonunua kutoka nje. Wakulima wa Kondoa na Babati waliokuwa wamehamia kwenye mbaazi kwa sababu bei ilikuwa nzuri waliona bei inaanguka mpaka wengine wakaona kuvuna ni kujiongezea gharama. Msumbiji ilikuwa imesaini makubaliano na India mwaka mmoja kabla, yakiihakikishia kiasi fulani cha mbaazi kila mwaka. Wakulima wao nao waliumia, bei ni bei, lakini walibaki na mlango. Sisi tulikuwa na mbaazi nzuri bila mkataba. Kilichotenganisha nchi hizo mbili ni mtu aliyekaa mezani mapema.

Kila nikifundisha mada hii kuna mwanafunzi atakayesema kwamba sisi ni nchi kame, hatuna bahati. Hapo huwaeleza Botswana. Ni nchi kame kuliko Dodoma, ya wafugaji wa ng'ombe, isiyo na bahari, na ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka 1967 almasi iligunduliwa Orapa. Kwingine almasi zimeleta vita. Botswana ilikuwa imejiandaa: Seretse Khama, rais wake wa kwanza, ambaye kabila lake la Bangwato lingeweza kudai utajiri mwingi wa ardhini kuwa wake, alikubali haki za madini ziwe za taifa zima, na sheria ya 1967 ikaliweka hilo. Mwaka 1975 serikali ikajadiliana upya na kampuni ya De Beers ikapata nusu kwa nusu. Mapato yakaenda shule, barabara na akiba. Kwa takriban miongo mitatu uchumi wake ulikua kwa kasi ambayo nchi chache sana duniani ziliifikia.

Siipambi Botswana. Ina tofauti kubwa ya kipato, vijana wake wengi hawana kazi, na kutegemea jiwe moja kunaiumiza kila soko la almasi linapolegea. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Walipatana jinsi ya kugawana kabla ya kugombana, kisha ndipo wakauza. Nchi iliuza almasi kwa dunia nzima, kwa hiyo biashara ndiyo iliyoleta pesa, ila makubaliano ya ndani ndiyo yaliyoamua pesa ile ikawe shule au ikawe bunduki. Ndiyo sababu naona mabishano ya kipi kinashinda, biashara au taasisi, yanapoteza muda. Kongwa ya 1947 ilikuwa na mnunuzi bila taasisi za kumsikiliza mwenyeji. Kiteto ya bibi yangu ilikuwa na mahindi bila ruhusa ya kuyauza.

Nakubali kwamba hofu ya serikali kuhusu chakula ina mizizi. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipita katika njaa inayoitwa Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu. Wazee waliotulea walisimuliwa habari hizo na wazazi wao. Kwa hiyo waziri anapozuia mahindi yasitoke nje, kama ilivyofanyika mwaka 2011, simwoni ni mtu mbaya. Ila zuio hilo halijazi ghala la mtu wa Chemba. Linashusha bei kwa aliyelima, na msimu unaofuata analima kidogo. Kilichoua watu katika Mtunya kilianza na mali kuchukuliwa kwa amri. Ghala la Taifa la chakula pale Kizota, Dodoma, likinunua mapema kwa bei inayoeleweka, linalinda watu bila kumwadhibu mkulima.

Nimeacha alizeti mwisho kwa sababu ndiyo inayonikera zaidi, na inatokea mlangoni petu. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti. Bei ya alizeti inategemea sana ushuru tunaotoza mafuta ya kula yanayotoka nje, hasa mawese. Ushuru ukiwa juu, viwanda vya kukamua vinapata soko na mkulima anapata bei. Ukishuka, mafuta ya nje yanajaa madukani na bei ya mbegu inaporomoka. Hoja za pande zote mbili nazielewa: mama lishe wa Majengo naye anahitaji mafuta nafuu. Lakini katika miaka ya karibuni ushuru huo umepandishwa, ukashushwa, ukapandishwa tena. Na tazama kalenda. Mkulima anapanda Desemba na Januari. Anavuna kuanzia Mei. Bajeti inasomwa Juni, hapa hapa Dodoma. Kwa maneno mengine, masharti ya biashara yake yanaamuliwa baada ya yeye kuingiza mtaji wote ardhini, na gunia la alizeti linasubiri mlangoni wakati wabunge wanapiga makofi.

Mwaka mmoja, baada ya mbegu za ruzuku kugawiwa na watu kuhamasishwa kulima, bei ilianguka msimu wa mavuno. Baba mdogo wangu alikuwa ameongeza eneo. Mwaka uliofuata akarudi kwenye uwele na mtama, na ukimwuliza anakwambia alizeti "ni zao la wenye pesa za kupoteza". Kiwanda kidogo cha kukamua kijijini kwao nacho kilisimama miezi mingi kwa kukosa mbegu. Hakuna aliyenyang'anywa mali. Hakuna kipimo cha kimataifa kitakachoonyesha kwamba taasisi za Tanzania zililegea mwaka huo. Lakini uwekezaji uliondoka kwenye ardhi ya watu wa Kongwa, ekari kwa ekari, kwa sababu ya tarehe.

Ninachokiomba ni kidogo na hakihitaji mkopo. Ushuru wa mafuta ya kula utangazwe Oktoba, kabla ya mbegu kununuliwa, na usiguswe mpaka mavuno yaishe. Ukitaka kuubadilisha, ubadilishe kwa msimu unaofuata, kwa tangazo linalomfikia mtu wa Hogoro na wa Mkoka kupitia redio. Mkulima akishajua ushuru utakuwa asilimia ngapi mpaka Agosti mwakani, atapiga hesabu zake mwenyewe, na hesabu za wakulima wa hapa zimekuwa sahihi mara nyingi kuliko za waliowapangia. Wabunge wa mikoa ya kati wanakaa umbali wa safari fupi ya basi kutoka kwenye mashamba haya. Nimeandika barua kwa wa kwetu. Kama nawe unatoka Kongwa, Mpwapwa, Iramba au Mkalama, mwandikie wa kwenu kabla ya vikao vya kamati kuanza.